Magunia ya Chumba cha Pumzi

Siku Padiri alipolala chini tulikuwa watu saba chumbani. Ninawataja wote mapema kwa sababu kila mmoja wao amekuwa akisimulia habari hii kana kwamba wengine hawakuwepo. Alikuwepo Papa Tshibangu, mtaalamu wa kunyoosha viungo, mtu wa Kasai aliyeletwa Butembo na serikali kisha serikali ikasahau ilikomweka. Alikuwepo Mama Kyakimwa, muuza samaki wakavu, ambaye sauti yake ilifika mahali kabla yake. Alikuwepo Ajida Lokwa, askari kutoka Équateur, na bashi yake ya jeshi, ile turubai ya kijani aliyoikunja kwapani kila alipokwenda. Alikuwepo Padiri Anselme wa parokia yetu, aliyekuja kuangalia kama tunamwabudu nyoka. Alikuwepo Mama Mudogo Kanyere, mdogo wa mama yetu marehemu, aliyetoka Kamango na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mdogo wangu. Alikuwepo huyo mdogo wangu, Kahindo, mwenye pumu. Na nilikuwepo mimi, Masika, nikiwa nimeshika fagio, kwa sababu ukishika fagio hakuna anayekuuliza unafanya nini hapo.

Wagonjwa wengine waliposikia Padiri anakuja, walikumbuka wote kwa pamoja kwamba wameacha sufuria motoni.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi mnaobaki mmeniomba niandike jinsi chumba hiki kilivyoanza, maana mnakifungua kila asubuhi na hamjui kwa nini tunafuta sakafu kwa kitambaa kibichi kabla ya mtu yeyote kuingia. Habari za vyeo sina. Niliingia mfagiaji, nimetoka mnaniita Mama wa Pumzi, na katikati hapakutokea mtu kuniambia nimepanda. Mshahara tuuache, na wenyewe ulituacha mara nyingi. Nitaandika yale yanayofaa kazini, pamoja na machache yasiyofaa kitu ila yananichekesha.

Shule niliiacha mwaka wa kwanza wa sekondari. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujavua kitambaa cha msiba, nikabaki mkubwa wa watoto watano. Kahindo, wa mwisho, alikuwa bado hajajua kutembea. Siku ya matanga ndugu walianza kutugawa kama vyombo: wewe utakwenda Lubero, wewe Kasindi, huyu mdogo aende Kamango kwa Mama Mudogo. Nilisimama mlangoni nikasema hakuna anayetoka. Hawakuniogopa, ila nilikuwa mnene wakati huo na mlango wetu ulikuwa mwembamba. Tukabaki pamoja.

Nikaenda kuchambua kahawa kwenye dépôt, ghala moja la mjini. Kazi yenyewe ni kukaa chini pamoja na wanawake wengine, mbele yenu rundo la kahawa mbichi iliyokauka, na kutoa punje mbovu, maganda na mawe. Vumbi lake ni jepesi na lina harufu ya nyasi zilizooza kidogo. Tulifunga kitenge puani, na bado tulipiga chafya kwa kupokezana kama kwaya. Mwisho wa msimu tajiri wa dépôt alitupa magunia yaliyochakaa. Nilifurahi sana. Sakafu yetu ilikuwa udongo, na Butembo ni baridi. Nikayatandika chini ya godoro la watoto, safu juu ya safu, na nikajiona mama mwenye akili.

Kifua cha Kahindo kilianza kupiga mluzi akiwa bado mdogo. Kila mtu alijua sababu, na kila mtu alikuwa na yake: baridi, maziwa ya ng'ombe, jirani fulani, jini fulani. Muganga, daktari wa kituo cha afya, alisema ni pumu, akampa pompe, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Tuliitumia kwa ubahili kama chumvi wakati barabara imefungwa.

Nilipopata kazi ya kufagia kwenye kituo hiki cha afya, hapa Mususa, niliichukua kwa sababu moja: nilitaka kuwa karibu na pompe. Siku ya kwanza nilifungua mlango wa chumba cha mwisho nikakuta mwanaume mrefu ameinama juu ya chupa ya maji, anapuliza ndani yake kwa mrija, maji yanabubujika. Nilidhani ni mgonjwa wa kichwa. Nilianza kufunga mlango polepole.

"Weye, mama ya fagio," akasema bila kuinua macho. "Unajua kupumua?"

"Papa, kama sijue, sasa weye unasema na nani?"

Akacheka mpaka akamwaga maji, nami nikayapangusa. Ndivyo nilivyoajiriwa mara ya pili siku hiyohiyo, bila nyongeza.

Huyo ndiye Papa Tshibangu. Chupa ile ndiyo iliyo rafuni hadi leo, ingawa mrija tumeubadilisha mara nyingi. Msiidharau. Mtu mwenye pumu huvuta hewa kwa hofu na kusahau kuitoa, kifua kinajaa hewa iliyochoka, naye anadhani anakosa hewa. Ukimpa mrija na kumwambia abubujishe maji polepole, lazima aitoe. Asiye na chupa, mwambie akunje midomo kama anayepoza uji. Hilo kila mama wa Butembo analijua, hata kama hajui kwamba anajua.

Mambo ya yoga Papa aliyapata Beni, alikofanya kazi kabla ya kuletwa kwetu. Askari mmoja wa Kihindi, wa wale wa kofia za buluu, aliumia goti. Papa akamnyoosha goti, naye askari akamfundisha kupumua na kujikunja. Papa alikuja nayo Butembo ikiwa kichwani tu, bila picha, ndiyo maana ninashuku kwamba mikao mingine aliitunga mwenyewe alipokuwa amesahau. Askari yule akija leo kututembelea, tafadhali mfungieni mlango.

Somo la kwanza lilivunjika vibaya. Papa aliwapanga wagonjwa, wakajinyoosha vizuri, wakapumua vizuri, na mwishoni akasema kwa sauti yake tamu ya Kasai: "Sasa mulale kama maiti." Ndivyo alivyoambiwa na Mhindi. Watu waliinuka wote. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, mwingine alichukua viatu bila kuvivaa. Upande wetu huu tumezika vya kutosha, mtu hawezi kutoka nyumbani kwake kuja kujifunza hilo.

Jioni ile tulikaa tukabadilisha majina ya mikao yote. Mkao wa maiti ukawa Siku ya Mungu Mchana, kwa sababu kila mtu anajua jinsi mtu anavyolala Jumapili baada ya misa ya kwanza na sahani ya fufu. Ule wa nyoka, ambapo unalala kifudifudi na kuinua kifua, tuliuita Mama Anaangalia Kama Mvua Inakuja. Ule wa kuinua na kushusha mgongo ukiwa kwa mikono na magoti ni Mbuzi Anakataa Gari. Ule wa kukunjama paji la uso likigusa chini ni Kutafuta Kiatu Chini ya Kitanda. Na ule wa kusimama kwa mguu mmoja, unaoitwa mti mahali pengine, kwetu ni Mulinzi wa Dépôt, kwa heshima ya mlinzi mmoja niliyemfahamu aliyelala hivyohivyo kazini na hakuanguka hata siku moja. Mulinzi ulinishinda. Mguu wangu wa kulia unakubali, wa kushoto unatetemeka kama wenye barua ya kuitwa polisi. Papa aliniambia ni kiburi. Nikamwambia ni goti.

Dawa za majani hazikuletwa na Papa, zililetwa na wagonjwa wenyewe. Huwezi kuzuia mama wa Kinande asije na kitu kwenye chupa. Tulizijaribu kwa uangalifu, na haya ndiyo niliyoyaona, myashike. Maji ya chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, ya kuosha pua, yanasaidia wenye mafua ya vumbi kuliko kitu kingine, nayo hayana sifa kwa sababu hayanuki. Tangawizi na asali ya Lubero katika maji ya moto vinatuliza koo, lakini asali usimpe mtoto asiyetimiza mwaka. Mvuke wa mikaratusi unafungua pua iliyoziba, ila mwenye pumu usimfunike nao blanketi, kifua chake kinaweza kukasirika. Na asiwepo mtu wa kuchemsha majani juu ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa, akikohoa aseme dawa ni kali. Ni moshi huo, mama, fungua dirisha.

Pompe haikuachwa hata siku moja. Ilikuwa sheria ya Papa, na Ajida Lokwa akaitia jeshi ndani yake. Kabla ya somo alisimama mbele akapaza sauti: "Onyesha silaha!" Kila mwenye pumu akainua pompe yake juu. Asiyeinua alirudishwa nyumbani kuichukua. Mnaifanya hadi leo na mnacheka. Endeleeni kucheka, lakini msiiache.

Sasa nifike kwenye magunia.

Sakafu ya chumba ni saruji, na asubuhi ya Butembo inapita kwenye saruji mpaka kwenye figo. Wagonjwa walilalamika. Nikakumbuka dépôt. Nilikwenda kwa tajiri wangu wa zamani, akanipa rundo la magunia ya kahawa, akafurahi kwamba anasaidia wagonjwa na kwamba hatalipa mtu wa kuyatupa. Papa aliyasifu. Wagonjwa waliyasifu. Wazo lilipokuwa zuri lilikuwa letu sote, na Papa alilisimulia hadi kwenye mkutano wa wafanyakazi.

Wiki ile watu walianza kupiga chafya.

Mtadhani tuliona mara moja kosa liko wapi. Hamjui watu wetu. Kwetu dawa isiyokusumbua si dawa. Dawa lazima ikutoe jasho, ikukimbize chooni, ikuchome sindano mahali pabaya. Tulikuwa tumewapumzisha watu kwa miezi, wakasema ni vizuri lakini ni ya upole mno. Sasa ghafla wanapiga chafya, macho yanatoka machozi, pua zinatiririka. Walifurahi mno.

"Inatoka!" alipaza sauti Mama Kyakimwa kila mtu alipopiga chafya. "Mumuone, bugonjwa inatoka! Toa yote, ndugu, usibakishe!"

Wengine walikuja kutoka mitaa ya mbali kutolewa ugonjwa. Chumba kilijaa. Watu waligombania magunia yale yaliyochafua pua zaidi, na kulikuwa na moja, lenye mstari mwekundu, ambalo Mama Kyakimwa alilifanya lake na kulikung'uta kabla ya kulilalia, ili nguvu iamke. Papa Tshibangu alikuna kidevu. Alisema hajawahi kuona yoga ikifanya kazi hivi. Hilo lilikuwa kweli.

Mtu mmoja tu hakupiga chafya, Ajida Lokwa. Alikuja akiwa na kikohozi cha miaka, cha vumbi la barabara na sigara. Aliacha sigara, akafanya Mbuzi Anakataa Gari bila kukosa, na kikohozi kikaisha. Wenzake walimhurumia. Mama Kyakimwa alimwambia mbele ya watu:

"Ajida, weye bugonjwa yako imekataa kutoka. Iko na dhambi mingi juu yake."

"Mama, mimi niko muzima."

"Njo vile inadanganyaka."

Na Kahindo? Kahindo alizidi kuwa mbaya. Alikuwa msichana mkubwa sasa, amebakiza mwaka mmoja apate diplome ya kumaliza sekondari, wa kwanza nyumbani kwetu kufika hapo, na mimi kila asubuhi nilimwangalia akifunga viatu vya shule kana kwamba ninavifunga mimi. Nilimleta darasani alasiri zote. Alijinyoosha kuliko wote, akapiga chafya kuliko wote, na usiku kifua kikapiga mluzi mpaka ndugu zake waliamka. Alianza kukosa shule. Mimi nilimwambia avumilie, inatoka. Na mimi nilisema hivyo, ndiyo. Kila mtu alisema.

Habari zilifika Kamango. Mama Mudogo Kanyere alituma neno kwa dereva wa gari la kakao: nakuja kuchukua mtoto wa dada yangu, kwetu kuna joto, atapona, na shule inaweza kungoja. Ninyi mnajua shule inayongoja. Inakungoja ukiwa shambani, na mtoto mgongoni, na bado inakungoja.

Wiki hiyohiyo habari nyingine ilifika parokiani: kituo cha Mususa kinafundisha ibada ya Wahindi, watu wanalala chini wanamwiga nyoka, na pepo zinawatoka kwa pua. Padiri Anselme alituma ujumbe kwamba atapita Alhamisi kuona kwa macho yake. Tulijua kwamba akisema neno moja Jumapili, chumba kitabaki na mimi na fagio.

Alhamisi asubuhi Papa Tshibangu alikuwa mtulivu kuliko inavyofaa.

"Padiri atalala chini," akasema.

"Padiri? Na kanzu yake nyeupe? Papa, hawezi lala ule."

"Tufanye pari."

"Pari ya nini?"

"Akilala, weye utaenda kusimama Mulinzi kwa rond-point ya Beni, pale barabara zinakutana, saa ya marché, soko imejaa, mguu wa kushoto. Utasimama mpaka mutu akuulize kama uko muzima."

"Kwa nini Beni?"

"Ju bibi yangu, mama ya batoto, iko Beni, na anasemaka kazi yangu ni kulalisha batu. Nataka aone mwanafunzi wangu."

"Na asipolala?"

"Nitaimba na kwaya yenu siku ya Pasaka, kwa Kinande."

Nilikuwa nimemsikia Papa akiimba. Wazo la kwaya ya parokia ikiangamia mbele ya Wakristo wote lilinivutia kupita kiasi. Tukapeana mikono, dau likafungwa.

Mama Mudogo alifika kwanza na mfuko wake. Alimwona Kahindo amejikunja kwenye benchi, mabega juu, macho makubwa, na hakunisalimu.

"Masika, mwana ya yaya yangu, mutoto huyu anakuishia mu mikono. Leo tunaenda."

"Mama Mudogo, ngoja tumalize kwanza."

"Nimengoja tangu matanga ya mama yenu. Siku ile ulisimama mu mulango. Leo mulango ni mukubwa."

Kahindo alinitazama. "Yaya, mi sitaki," akaniambia mimi dada yake, na hakuwa na pumzi ya kuongeza neno.

Ndipo Padiri Anselme akaingia, mtu mfupi, mwenye miwani, msafi. Alisalimia wote, akaangalia kuta akitafuta sanamu. Akakuta picha ya mapafu na kalenda ya duka la simenti. Akamwomba Papa aonyeshe. Papa aliwapanga Mama Kyakimwa, Ajida na Kahindo. Wakaanza na Mama Anaangalia Kama Mvua Inakuja.

"Hii inaitwa namna gani?" Padiri akauliza.

Tukamwambia. Alijaribu kutocheka, na hakufaulu vizuri.

"Na ile ya nyoka?"

"Njo ile umeona, Padiri," akasema Mama Kyakimwa kutoka sakafuni, kabla hatujamnyamazisha. "Tumeibatiza."

Padiri aliinama kumtazama karibu, akauliza kama kuna maneno yanayosemwa, maombi ya namna fulani. Papa akasema hakuna, ni kupumua tu, na kwamba njia nzuri ya kuhakikisha ni mwenyewe kujaribu, maana shetani hawezi kumwingia Padiri. Niliona mtego ukifunguka na sikuweza kufanya lolote. Padiri alifikiri, akavua miwani, akanipa niishike. Kisha akalala chali, kanzu nyeupe na yote, juu ya gunia lenye mstari mwekundu ambalo Mama Kyakimwa alimpisha, Siku ya Mungu Mchana.

Papa hakunitazama. Aliinua tu mguu wake wa kulia kidogo kutoka sakafuni, akabaki kwa wa kushoto, kisha akaurudisha.

Halafu Padiri akapiga chafya. Akapiga nyingine. Kisha zikaja mfululizo, kubwa, za mtu aliyesoma, mpaka picha ya mapafu ikatikisika ukutani.

Mama Kyakimwa akasahau yuko na nani.

"Inatoka!" akapiga makofi. "Yesu Maria, inatoka kwa Padiri! Toa yote, Padiri, usibakishe!"

Mama Mudogo alipiga magoti. Ajida akasimama sawasawa kama mbele ya bendera. Mimi nilishika miwani na kuwaza ni kazi gani nyingine ninayoweza kufanya mjini.

Padiri aliketi, macho mekundu, machozi yanashuka. Akachukua pembe ya gunia, akalinusa, akapiga chafya tena.

"Haitoke," akasema. "Inaingia."

Hakuna aliyeelewa. Akatueleza, kati ya chafya, kwamba baba yake alikuwa mnunuzi wa kahawa huko Lubero, na nyumba yao ilikuwa pia ghala. Kila likizo ya seminari alikuwa anarudi nyumbani mzima na kulala nje jikoni akilia macho, mpaka mama yake alidhani mtoto hapendi nyumbani. Alipopelekwa parokia ya mbali, iliisha. "Ni mavumbi ya kahawa. Mimi harufu hii naijua kama sauti ya papa yangu." Akatutazama. "Kuna mtu hapa aliyepona kabisa?"

Wote tukamgeukia Ajida, aliyesogea kama anayetaka kukana.

"Unalalaka juu ya nini, Ajida?"

"Bashi yangu, Padiri. Mwanajeshi halalake juu ya gunia ya civil."

Mama Kyakimwa aliangalia gunia lake la mstari mwekundu kama mtu anayemwangalia mume aliyekutwa mahali. Kahindo alijiburuta kutoka kwenye lake mpaka kwenye bashi ya Ajida, akajilaza bila kuomba ruhusa. Nami nilisimama nikifikiria sakafu ya nyumbani kwetu, godoro, na safu juu ya safu.

"Mama Mudogo," nikasema, "nipe mpaka Jumapili ya pili."

"Ya nini?"

"Niondoe kitu nyumbani."

Alikunja mfuko wake. "Nitalala kwenu nione kwa macho. Na kama haibadilike, hata ukisimama mu mulango na batu kumi, naenda naye."

Siku ile tuliyatoa magunia yote ya kituo. Ya nyumbani niliyatoa mimi na ndugu zangu, tukasugua sakafu, tukaanika godoro juani, na vumbi lililotoka humo lilitufanya tufunge vitenge puani kama zamani. Muganga alimpima Kahindo upya, akampa pompe ya pili, ya kila siku, siyo ile ya dharura tu, na nikaambiwa niache ubahili. Kila jioni alibubujisha chupa. Mama Mudogo alikaa pembeni anaangalia kama anayesubiri mkate uungue.

Usiku mmoja wa wiki ya pili niliamka kwa sababu ya ukimya. Hapakuwa na mluzi. Niliogopa, nikamwendea gizani, nikaweka mkono puani kwake. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, polepole, bila habari na mtu. Nilipogeuka nilimkuta Mama Mudogo naye amesimama, ametoka kufanya kitu hichohicho.

"Rudi kulala," akaninong'oneza. "Unamuziba hewa."

Jumapili alirudi Kamango. Ule mfuko aliujaza viazi vyangu.

Nisiwadanganye: Kahindo hakupona pumu. Pumu haiondoki kwa sababu umefukuza magunia. Ana pompe kwenye mkoba hadi leo. Lakini alirudi shuleni, akapata diplome, na sasa anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Kasindi, kazi ya kupigia madereva makelele kutwa nzima. Nimesimama pale mpakani nikamsikia akimtukana dereva wa lori kwa pumzi moja, ndefu, bila koma, juu ya injini inayonguruma. Niligeuka nikafuta macho. Dereva alidhani ninamwonea huruma.

Padiri, Jumapili iliyofuata ile Alhamisi, alisema mimbarani kwamba amelikagua lile jambo, si dhambi, lakini mtu aje na kitu safi cha kulalia. Ndiyo asili ya zile bashi zetu za kijani, na ndiyo maana mnazifuta kwa kitambaa kibichi kila asubuhi. Msikung'ute. Ukikung'uta, vumbi linapanda na kusubiri mtu. Na mgonjwa akianza kuharibika mkononi mwako huku watu wanashangilia, angalia kwanza amelalia nini.

Papa Tshibangu alirudishwa Beni miaka michache baadaye. Siku ya kuagana nilimuuliza nitamlipa nini kwa ajili ya mtoto yule. Akajibu, "Pari yangu inatosha. Rond-point, saa ya marché, mguu wa kushoto."

Sijalipa. Mwanzo nilisingizia barabara, na barabara ilikuwa tayari kusingiziwa. Halafu goti. Halafu nilifika Beni kweli, kwa semina, nikajiambia kwamba siku ile nimevaa liputa jipya, kitenge cha gharama. Kisha ikaja miaka ambayo sikuhitaji kisingizio: watu walikuwa wanapita kwenye rond-point ile na magodoro kichwani, vita nyuma yao, na huwezi kumchezea mtu mguu mmoja wakati anakimbia kwa miwili. Papa mwenyewe aliniambia ningoje.

Wiki niliyostaafu alinitumia sauti kwenye simu. Sasa ni mzee, na kifua chake kimeanza kumsumbua. Kila sentensi aliikata katikati kuvuta hewa, na nyuma yake nikasikia maji yakibubujika kwenye chupa. "Masika," akasema, "nimesikia unapumzika. Mimi niko hapa... napoza uji. Bibi angali anasema... nilikuwa nalalisha batu. Kuja ulipe... kabla pumzi yangu ya kucheka haijaisha."

Kahindo amechukua ruhusa Kasindi ili anisindikize Beni, kwa sababu hataki kusimuliwa. Asubuhi anaweka kiti karibu yangu jikoni, ananishika kiuno, anasema niinue wa kulia nisimame kwa wa kushoto, nitoe hewa polepole kuliko nilivyoivuta. Ananifundisha kama nilivyomfundisha, na kwa ukali zaidi.

Leo nimeanguka kwenye sinia la mchele. Deni bado zima.